Keria Kwanza

Jumamosi, 2 Machi 2024

Betri ya baiskeli yangu ya umeme ni volti 48, ampea-saa 10, yaani wati-saa 480. Mota ya wati 250 imo ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Breki za diski mbele na nyuma. Hadi hapo sina neno. Lakini baiskeli yenyewe imekuja bila keria, bila madigadi, bila taa, na katalogi imevitaja vitu hivyo ukurasa wa mwisho, pamoja na vishikio vya rangi na chupa za maji.

Baiskeli ya Phoenix ya marehemu baba ilitoka dukani na kila kitu: madigadi ya chuma, keria ya kufungia gunia, kengele, dainamo ya kusuguana na tairi. Dainamo ile ilitoa wati tatu tu na ilikuvuta nyuma mlima mzima, ukipunguza mwendo taa inafifia. Ila ilikuwepo. Hakuna aliyedhani mtu atanunua baiskeli ya kwendea kazini halafu atafute taa kwingine.

Jumapili, 3 Machi

Nimeamua nianze na keria. Taa ya nyuma itakaa juu yake, na vyuma vya kushikilia madigadi vitagombea matundu yale yale ya fremu karibu na ekseli. Ukianza na madigadi, siku ya keria utayafungua yote upya. Na mimi hasa ninachobeba ni madaftari. Madaftari ya kidato cha pili mikondo miwili, ukiyaweka kwenye begi mgongoni kutoka Kimara hadi Upanga, unafika shati limelowa kabla ya kipindi cha kwanza.

Jumatano, 6 Machi

Nimepita kwa fundi wa Manzese, yule mzee anayekaa nyuma ya wauza mitumba. Nimemwamkia, hakujibu kwanza, ameizunguka baiskeli mara mbili.

"Marahaba, mwalimu. Hii ya mashindano?"

"Ya kazini, mzee."

"Mbona iko uchi?"

Matundu ya chini yapo, mawili, pembeni mwa ekseli. Ya juu, penye mikono miwili ya keria, hayapo. Kijana wake akasema tuchomelee vishikio viwili, dakika kumi tu. Nimekataa, na nikafurahi kwamba mzee naye amekataa kabla sijamaliza sentensi. Fremu ni aluminiamu. Kiwandani hupikwa kwa joto la kipimo baada ya kuchomelewa ili ikaze. Ukiipiga moto tena barabarani, pale ulipogusa panalegea, na aluminiamu ikichoka haipindi kwanza ikakupa taarifa, inapasuka. Chuma cha Phoenix unakichomelea popote, hata kijijini. Hiki hapana.

Zipo keria za kubana kwenye bomba la kiti peke yake. Nimezishika dukani Kariakoo. Hazina miguu ya kushuka hadi ekseli, mzigo wote unaning'inia kwa bano moja. Zinafaa kwa koti la mvua.

Jumamosi, 9 Machi

Keria imefungwa. Ni ya chuma, miguu miwili kila upande, imepigwa muhuri wa kilo 25. Mzee amecheka: "Hiyo namba wameandika kwa ajili ya mikate?" Yeye amezoea magunia ya mkaa. Nimemweleza kwamba kilo 25 hizo ni za kurukaruka kwenye mashimo, si za kusimama chini ya mwembe; gurudumu likidondoka shimoni, mzigo huo huo unaigonga keria kwa nguvu maradufu. Amesema mashimo anayajua.

Kazi ilikuwa upande wa kushoto. Mguu wa keria uligonga kalipa ya breki. Mzee akakata vipande viwili vya bomba jembamba, urefu kama kucha ya kidole gumba, akavipiga msasa ncha zote, akavivisha kwenye bolti ndefu katikati ya fremu na mguu. Mguu ukasogea nje, kalipa ikapumua. Badala ya matundu ya juu alikunja bapa la chuma likazunguka bomba la kiti, ndani akaweka ukanda wa raba ili lisile rangi wala lisiteleze. Nati zote nimetaka zile zenye plastiki ndani, maana mtikisiko wa lami yetu unafungua nati ya kawaida taratibu, na hutajua mpaka keria ikae juu ya tairi.

Alhamisi, 14 Machi

Magharibi ya Ramadhani, Morogoro Road, kila bodaboda anakimbilia futari. Njia ya baiskeli iliyojengwa pamoja na ile ya mabasi ya mwendokasi, bodaboda nao wanaitumia, wanakuja uso kwa uso, taa fulu. Kwa sekunde kadhaa sioni kitu. Nimeanza kufikiria taa yangu mwenyewe kwa macho ya anayekuja mbele.

Maduka yanauza taa kwa lumeni. Boksi moja 1,000, jingine 2,000, kama mnada. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, hazisemi unakwenda wapi. Taa ya duara kama tochi inatupa nusu ya mwanga kwenye matawi ya miembe na machoni mwa watu. Wajerumani wao hupima kwa laksi, yaani mwanga unaoifikia sehemu fulani kutoka umbali wa mita 10, na taa yao lazima ikatwe juu kwa mstari ulionyooka, mwanga ubaki barabarani. Inayopita kipimo hugongwa alama ya mawimbi, herufi K na namba. Nitatafuta yenye alama hiyo, hata ikiwa imetumika.

Jumapili, 17 Machi

Taa nimeipata, ya volti 12. Volti 48 za betri zingeiunguza papo hapo, na betri ikijaa hufika 54.6. Kwa hiyo nimeweka konvata ya kushusha volti, na fyuzi ndogo kabla yake, upande wa betri. Fyuzi ikiwekwa baada ya konvata hailindi waya unaotoka kwenye betri.

Nyaya zote nimeziacha zilegee tumbo chini kabla hazijaingia kwenye kiungo. Maji hufuata waya. Yakifika chini ya tumbo yanadondoka, hayapandi kuingia kwenye soketi. Waya wa mota unaotoka kwenye ekseli nimeufanyia vivyo hivyo.

Usiku nimeiegesha mita tano kutoka ukuta wa jirani, Mama Neema. Kanuni ya zamani ya Ujerumani ni rahisi: kwa mita tano, katikati ya mwanga iwe nusu ya kimo cha taa. Taa yangu iko sentimita 90 kutoka chini, kwa hiyo nimeweka alama ya chaki kwenye 45 na kuinamisha hadi ikakaa. Mstari wa juu umekatika kama umepigwa rula. Mama Neema amechungulia dirishani kuuliza kama natafuta mwizi.

Hesabu: mbele na nyuma pamoja ni kama wati tano. Saa nzima ni wati-saa tano kati ya 480, karibu asilimia moja. Nitaziacha zinawaka hata mchana. Ya nyuma iko kwenye ukingo wa mwisho wa keria, si kwenye bomba la kiti, maana huko koti au boksi la madaftari lingeifunika. Na haipepesi. Taa inayopepesa inaonekana, lakini dereva hajui iko umbali gani.

Jumanne, 9 Aprili

Masika yamekolea. Jangwani matope yameachwa juu ya lami na leo ndiyo nimeyajaribu madigadi. Mapana kuliko tairi, na nafasi ya kidole kizima katikati. Yale membamba ya kuvutia macho yanabanana na tairi. Tope la mfinyanzi likiingia humo gurudumu linagoma. Digadi la mbele vyuma vyake vina klipu za kuchomoka: kijiti kikinasa, digadi linaachia, gurudumu haligandi ukarushwa juu ya usukani.

Kiwandani yamekatwa mafupi. Mzee ameongeza kipande cha tyubu ya lori, kinafika karibu shubiri moja kutoka chini. Viatu vikavu, cheni haina mchanga. Madaftari makavu.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Upepo na mvua tangu usiku, boti za Zanzibar zimesimamishwa. Baiskeli imelala sebuleni, nami nimesahihisha madaftari.

Jumapili, 12 Mei

Mdogo wangu wa Morogoro anataka baiskeli ya kwake, amenitumia picha tatu aniulize ipi ina mota nzuri. Mota zote tatu zinatosha. Nimemjibu achukue ile ya katikati, ndiyo pekee yenye matundu manne ya keria na fremu yenye nafasi ya digadi pana. Na pesa ya taa aitenge kabla hajalipia baiskeli.