Hela Anayo, Gauni Kalipenda, Ila Tovuti Imemgomea!

Dada mmoja wa Sinza, asiyeona tangu utotoni, aliingia mtandaoni kutafuta gauni la harusi ya mdogo wake. Usiulize simu anaitumiaje: kuna programu inayomsomea kwa sauti kila anachogusa. Anachati, anatuma hela, na umbea haumpiti!

Balaa likaanzia kwenye tovuti ya duka. Akigusa picha ya kwanza, simu inasema "picha". Ya pili, "picha". Rangi gani? Mikono mirefu au mifupi? Hakuna aliyeandika. Shoga yake akamtajia kwa simu gauni lilivyo, akalipenda. Kufika kwenye malipo, kila kitufe kinaitwa "kitufe" tu. Kimoja cha kulipa, kingine cha kufuta oda. Sasa abahatishe?

Mwisho akamuita kijana wa jirani, akampa simu na namba ya siri akamtajia. Gauni likaja, tena limemkaa vizuri. Ila usiku ule usingizi haukuja, na asubuhi akabadilisha namba. Hapo ndipo panapouma: mtu mzima, mshahara wake mwenyewe, lakini ili anunue nguo lazima aanike siri ya pesa zake.

Marekani mambo haya yalishafika mahakamani. Januari 2019, shabiki asiyeona wa New York aliishtaki kampuni ya staa mkubwa wa kike wa muziki, akidai tovuti yake ina picha zisizo na maelezo na haitumiki bila mausi. Ukubwa wa jina haukumzuia.

Na wala dawa yake si mamilioni. Kwenye picha andika "gauni refu la kijani, mikono mifupi". Kila kitufe kipe jina. Video iwekee maandishi kwa wasiosikia. Rangi ya maneno isifanane na ya nyuma yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mmoja kati ya sita. Hao ni wateja, si watu wa kuonewa huruma.

Mwenye duka, leo usiku washa hiyo sauti kwenye simu yako, fumba macho, kisha jaribu kununua bidhaa yako mwenyewe. Ukishindwa, ujue kuna mteja alishashindwa kabla yako, akaondoka kimyakimya na hela yake.