Nusu saa ya kusubiri maji

Tulipofunga simtanki la lita 1,000 hapa nyumbani Busi, nilijua nimeagana na ndoo kichwani. Mvua ya kwanza ikanyesha, maji yakashuka kutoka kwenye bati hadi ndani ya tanki. Nilichota ndoo, nikatia kidonge cha kutibu maji, nikakoroga na kuwapa watoto papo hapo.

Siku ya tatu kitinda mimba wangu wa miaka miwili alikuwa anaharisha, macho yameingia ndani. Kwenye zahanati alipewa ORS na vidonge vya zinki. Muuguzi akaniuliza, "Mama, maji yenyewe yalikuwa na rangi gani?"

"Kama chai."

"Basi klorini iliishia kwenye uchafu, na vijidudu vikabaki. Tena hukuipa muda."

Mwanangu alipona, nami nikajifunza. Sasa mvua ya kwanza tunaiacha imwagike, ioshe vumbi na vinyesi vya ndege. Maji yenye tope nayaacha yatulie usiku kucha, kisha nayachuja kwa kitambaa safi. Kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20, kama pakiti inavyoelekeza. Nakoroga, nafunika, nasubiri dakika 30.

Watoto walilalamikia harufu. Niliwaeleza kwamba harufu hiyo kidogo ni mlinzi aliyebaki ndani ya ndoo. Siku hizi mkubwa wao ndiye anayetazama saa. Mdogo akinyoosha kikombe, humwambia, "Bado, mdogo wangu. Dawa inafanya kazi."