Picha ya 12,000

Wasee, leo sina vichekesho. Leo naongea pesa, na kichwa cha binamu yangu.

Mwaka jana alianguka na boda Thika Road, saa tatu usiku, bila helmeti (ndio, tumeshamgombeza ya kutosha). Tukifika hospitali alikuwa anaongea fiti. Aliniuliza hadi kama skrini ya simu yake imevunjika. Nikajua tumepona. Kidogo kidogo akatapika, akatapika tena, akaanza kuongea kama mlevi. Daktari akaandika skani ya CT ya kichwa, haraka. Saa nne na nusu hiyo. Keshia akasema 12,000 kwanza.

Chumba cha skani kilikuwa hatua kama ishirini kutoka benchi letu. Mlango nauona. Tukafungua grupu ya WhatsApp: 200, 500, mjomba 2,000, kuna mtu alituma 50. Pesa ikatimia saa saba kasoro. Picha yenyewe ilichukua dakika chache tu, ikaonyesha damu imejikusanya kati ya fuvu na ubongo. Hiyo damu ni janja. Mtu anaweza kuamka, apige stori poa kabisa, kumbe inaendelea kujaa na kusukuma ubongo. Alipasuliwa alfajiri.

Sasa mtu akiniambia CT ni ghali, namuuliza, ukilinganisha na nini? Sisi tulilipa ICU. Tunalipa fizio mara mbili kwa wiki. Mamake alifunga kibanda miezi mitano. Na jamaa ni kinyozi, wasee, kinyozi ambaye mkono wa kushoto bado unaangusha kikombe. Siwezi kuapa kwamba ni yale masaa mawili na zaidi yaliyofanya hivyo. Lakini hayo masaa hayakusaidia mtu, hata hospitali yenyewe.

Niko na kosa langu pia. Pesa ilipoingia nilimfokea daktari: piga mwili mzima! Akakataa. Akasema kifua kitapigwa eksirei, na tumbo litaangaliwa kwa altrasaundi palepale kitandani kama kuna damu ndani. Nikaona anatubania ju hatuna kitu.

Baadaye nikasoma utafiti unaitwa REACT-2, ulitoka kwenye jarida la Lancet 2016. Hospitali za Uholanzi na Uswisi, majeruhi wabaya zaidi ya 1,000. Wengine walipigwa skani ya mwili mzima mara moja, wengine wakapimwa kawaida kwanza, skani ikafuata pale inapohitajika. Waliofia hospitalini walikuwa 16% kila upande, na gharama hazikuachana sana. Tena karibu nusu ya kundi la pili waliishia kupigwa sehemu zote. Kwa hivyo daktari hakuwa ananibania. Alikuwa anachagua, na alichagua kichwa, mahali penye dalili. Mionzi nayo si maji, huongezi bila sababu.

Ila huyo daktari alichagua haraka, halafu chaguo lake likakaa kwa foleni ya keshia. Hapo ndipo hesabu yetu inaharibika.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kwangu mimi, mtu aliyegonga kichwa na anatapika, picha yake ni matibabu, ju bila hiyo daktari wa upasuaji afungue wapi? Bili ije baadaye. Keshia simlaumu sana, bila risiti ni yeye angeulizwa asubuhi. Na hospitali nazo huachiwa madeni. Lakini Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliweka mfuko wa dharura. Pesa kama hiyo ndiyo ilifaa kumfikia keshia kabla ya 50 ya mtu wetu.

Ile orodha ya michango bado iko kwa simu yangu. Binamu aliiomba juzi, anataka kunyoa kila mtu bure akipona mkono. Ameanza kuandika majina, kwa mkono wa kulia, pole pole.