Siku Mbili Katika Bustani ya Efteling

Mtu aliyekaa mezani pa ofisi ya parokia miaka minane anaijua foleni. Mwanzo wa mwaka, wazazi wanapotafuta vyeti vya ubatizo vya watoto wao, mstari hutoka mlangoni pangu ukauzunguka mwembe hata kufika kisimani. Kwa hiyo, nilipoalikwa Uholanzi mwaka 2023 na parokia iliyo rafiki ya parokia yetu, sikudhani kwamba huko nako ningefundishwa habari za kupanga mstari. Kumbe nilikuwa bado mwanafunzi.

Mwenyeji wangu alikuwa Bruda mmoja mzee, aliyefanya kazi ya useremala kwetu miaka mingi, na ambaye Kiswahili chake hakijapata kutu. Alipokuwa mtoto, baba yake alimpeleka kwa baiskeli kuiona bustani ya Efteling, karibu na mji wa Tilburg. Sasa miguu yake imechoka, anatembea na mkongojo. Akaniambia, "Karani, kabla hujarudi nataka tukaone pamoja Msitu wa Hadithi. Mwakani sijui kama nitaweza."

Nikueleze kwanza mahali penyewe. Efteling iko katika kijiji cha Kaatsheuvel, ambacho zamani kilikuwa kijiji cha mafundi viatu. Mwaka 1935 Paroko De Klijn na msaidizi wake, Padre Rietra, walifungua hapo uwanja wa michezo na njia za matembezi, ili watu wa kijiji wapate mahali pa kupumzikia. Tarehe 31 Mei 1952 ukafunguliwa Msitu wa Hadithi, uliochorwa na msanii Anton Pieck. Humo chini ya miti mna nyumba na sanamu za hadithi za kale, na sanamu nyingine hujongea na kusema. Tangu hapo bustani imekua mno. Siku hizi hupokea watu zaidi ya milioni 5 kwa mwaka, na wengi wao hawaji kwa ajili ya hadithi, bali kwa ajili ya vigari vya reli vinavyopandishwa juu kama mlima na kuachwa vitelemke kwa kasi ya kutisha.

Siku ya kwanza tulikwenda Jumapili, katikati ya likizo ya shule ya Oktoba. Tulikuwa wanne: Bruda, mimi, na wajukuu wawili wa dada yake, mvulana wa miaka 13 na msichana wa miaka 9. Tulifika saa 6 mchana. Mtu yeyote aliyewahi kwenda mashine ya kusaga Jumamosi saa hiyo angeweza kutuambia tutakayoyakuta.

Watoto walikimbilia Baron 1898. Huo ni mnara uliojengwa mfano wa mgodi wa dhahabu, ukafunguliwa mwaka 2015. Kigari hupandishwa juu, kikasimama kidogo ukingoni ili mtu aone vizuri anakokwenda, kisha kikatumbukia mita 37.5 hadi ndani ya shimo lenye ukungu, kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa. Mlangoni msichana alipimwa, akakosa vidole viwili tu kufikia sentimeta 132 zinazotakiwa. Akalia. Nikamwacha na Bruda bengini, nami nikaingia mstarini na kaka yake. Tulisimama saa moja na robo. Safari yenyewe ilikwisha kabla sijamaliza kusema Salamu Maria moja.

Tulipotoka tulimkuta Bruda amejikunyata ndani ya koti lake, midomo imegeuka rangi kwa baridi. Watoto walitaka kula. Mstari wa chakula nao ulikuwa mrefu, maana watu wote walikuwa wameona njaa saa ile ile. Hata tulipomaliza kula, Bruda akasema kwa upole, "Turudi nyumbani. Miguu imekwisha." Msitu wa Hadithi tuliuacha ng'ambo ya miti. Njiani sikuweza kumtazama usoni. Nilikuwa nimetumia mchana wake wote nikingojea vigari.

Usiku ule nilikaa mezani na yule mvulana, tukaandika kwenye daftari makosa yetu. Yeye alikuwa na simu yenye programu ya bustani hiyo, inayoonyesha dakika za kungojea kwa kila mchezo. Tulikuwa nayo mfukoni mchana kutwa bila kuifungua! Kesho yake tukaiangalia tena na tena tukiwa nyumbani: asubuhi, mchana, na jioni. Dakika zilikuwa chache mlango ulipofunguliwa, zikapanda sana mchana, zikashuka tena karibu na saa ya kufunga.

Tuliporudi ilikuwa Jumanne ya Novemba. Walimu wa watoto wale walikuwa na mafunzo yao siku hiyo, kwa hiyo shule yao ilifungwa, lakini shule nyingine zote zilikuwa wazi. Siku ya namna hiyo ni dhahabu. Tulifika nusu saa kabla ya kufunguliwa, tikiti mkononi, matumbo yamekwisha kupata uji. Bruda tukamwacha nyumbani apumzike. Mpwa wake angemleta saa 6. Hilo ndilo jambo nililoliwazia kuliko yote, nami sioni haya kujisifu kidogo.

Lango lilipofunguliwa, watu wengi walisimama kwenye michezo ya kwanza waliyoiona. Sisi tulipita moja kwa moja hadi kwenye mnara wa Baron. Msichana alikuwa amekwisha kupimwa nyumbani, ukutani, kwa kalamu ya risasi. Alijua kwamba mnara haumhusu, bali vigari vya mbao vya Joris en de Draak, vinavyotaka sentimeta 110 tu, vinamngojea. Hakulia.

Sasa nikuambie siri nzuri kuliko zote. Kigari cha Baron kina safu tatu, na kila safu ina viti sita. Wakija jamaa watano wanaotaka kukaa pamoja, kiti kimoja hubaki kitupu. Kwa ajili ya viti vya namna hiyo pana mlango wa pembeni kwa watu wanaokubali kukaa peke yao. Mwito hutoka, "Mmoja!", naye mmoja huingia. Mvulana alipanda mara mbili kwa mlango huo, mara zote kati ya watu asiowajua. Akasema haidhuru, maana huko juu kila mtu hupiga kelele kwa ajili yake mwenyewe. Lakini msimpeleke huko mtoto mwoga anayetaka kushikwa mkono.

Nilijifunza pia kwamba urefu wa mstari si kipimo cha kungojea. Hapa mkumbuke mashine zetu za kusaga. Watu kumi kwenye mashine mbovu hungoja kuliko watu thelathini kwenye mashine nzima. Vivyo hivyo, mashua za Fata Morgana hufuatana bila kukoma, na mstari wake hutembea kama siafu. Penginepo mstari mfupi husimama kama nguzo, kwa kuwa watu wachache tu huingia kila mara. Basi usihesabu vichwa, tazama miguu. Na mchezo mpya uache kwanza, kwa kuwa kipya kinyemi: ulipofunguliwa ule wa Danse Macabre Oktoba 2024, yule mvulana aliniandikia kwamba hata hakujaribu kuusogelea.

Mahali pengine duniani watu huukwepa mstari kwa fedha. Bustani za Disney huko Marekani zilianza mwaka 1999 kutoa karatasi za bure zilizomruhusu mtu kurudi saa fulani bila kungojea sana. Mwaka 2021 mpango huo ukaondolewa, mahali pake pakawekwa wa kulipia. Mimi siupendi. Baba mwenye watoto sita hufanyaje akiona wenzake wanapita mbele kwa sababu ya mfuko? Kuamka mapema hakuna bei.

Saa 6 umati ukawa umejaa, dakika kwenye simu zikapanda. Hapo ndipo tulipoiacha michezo yote. Bruda alifika na mkongojo wake, nasi tukaingia naye katika Msitu wa Hadithi. Wasomaji, msitu ule hauna foleni! Mtu hutembea kwa miguu yake, husimama anapotaka, huketi anapochoka. Siku ile ya kwanza tulikuwa tumeuweka mwisho, nao ulikuwa wa kuwekwa mchana, wakati kila mahali pengine pamesongamana.

Bruda alitembea polepole. Mbele ya Langnek, mtumishi mwenye shingo ndefu inayoinuka juu kabisa kisha kushuka tena, alivua kofia yake. Akaniambia kwamba baba yake alimbeba mabegani mahali pale pale, naye akaogopa, akajikojolea shingoni mwa mzee. Alicheka hata akakohoa. Watoto hawakuwahi kuisikia habari hiyo. Wakataka airudie, naye akairudia kwa Kiholanzi, kisha tena kwa Kiswahili kwa ajili yangu, ingawa nilikuwa nimekwisha kuisikia.

Mle pana pia Holle Bolle Gijs, sanamu ya mtu mnene mwenye kinywa wazi, ambaye tangu mwaka 1959 huomba apewe makaratasi na kushukuru akipewa. Msichana aliokota takataka za watu wengine ili ashukuriwe. Nimefikiria kuweka mmoja uani pa kanisa letu.

Tulikula saa 9, wakati mikahawa ilikuwa mitupu. Baadaye manyunyu yakaanza, na watu wengi wakaelekea lango la kutokea. Watoto wakanitazama. Mimi nikamtazama Bruda.

"Nendeni," akasema. "Mimi nimekwisha kuona nilichokuja kuona."

Tulimwacha ndani ya mkahawa wenye joto, kikombe cha chai mkononi. Kwenye Joris en de Draak tulingoja dakika nane tu, na msichana akapanda mara tatu mfululizo huku mvua ikimpiga usoni. Mimi nilipanda mara moja, nikashika kofia kwa mikono miwili. Tuliporudi, Bruda alikuwa amesinzia na chai imepoa. Kwenye kitambaa cha karatasi alikuwa amechora shingo ya Langnek, na begani mwake mtoto.

Kitambaa hicho ninacho hapa ofisini, ndani ya daftari la ubatizo.