Kioo na Mkono

Uuguzi hutaka vitu vitatu: kichwa kinachojua, mkono unaotenda na moyo unaohurumia. Kimoja kikikosekana, mgonjwa yumo hatarini. Msomaji wangu, nataka kukusimulia jinsi kompyuta ilivyokifundisha kichwa changu, na mahali mafundisho yake yalipokomea.

Mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na washirika wengine, lilianza kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wenye vyeti ili wapate stashahada. Wauguzi hao walikuwa maelfu, na nafasi za vyuoni zilikuwa chache. Tena, muuguzi wa zahanati ya mbali akienda chuoni, nani atabaki na wagonjwa wake? Basi masomo yaliwafuata wanafunzi mahali pao pa kazi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nikitoka zamu, nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikasoma mpaka macho yakawa mazito. Somo nisilolielewa nililirudia hata mara tano, wala mashine haikunikaripia. Ni mwalimu gani mwenye subira kama hiyo?

Wiki moja nilisoma habari za kutokwa na damu baada ya kujifungua. Nilijua kuwa mililita 500 ni alama ya hatari. Kuwa mji wa uzazi usipojikaza, mishipa ya damu hubaki wazi. Na kuwa dawa ya oksitosini huusaidia kujikaza. Maswali yote niliyajibu bila kosa, nikajiona mjuzi.

Usiku mmoja, siku chache baadaye, mama alijifungua mikononi mwangu. Nilitazama beseni, nikaona damu kidogo, nikatulia. Mkunga mzee niliyekuwa naye zamu alikuja akaiinua kanga aliyoilalia mzazi. Ilikuwa imelowa chepechepe. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya tumbo la yule mama.

"Mwanangu, unahisi nini?"

"Ni laini, Mama, kama unga uliokandwa."

"Basi sugua, wala usiache mpaka uwe mgumu."

Nilisugua, naye akachoma sindano ya oksitosini. Baada ya kitambo mji ule ulijikaza chini ya kiganja changu, mgumu kama dafu, na damu ikapungua. Yule mama akapona. Maneno yote niliyajua, lakini mkono wangu ulikuwa haujasoma hata moja.

Walakini usidhani kuwa naidharau mashine. Asubuhi nilimwonyesha mkunga yule, katika kioo, picha ya misuli inavyoibana mishipa ya damu. Alitazama kimya, kisha akasema, "Miaka yote nimeusugua mji huu, na leo ndiyo kwanza nauona." Mwaka uliofuata alijiandikisha masomoni, nami nikawa mwalimu wake wa kompyuta.

Kijana, ukiichagua kazi hii, utakuta masomo mpaka ndani ya simu, na sanamu zenye kupumua na kupiga moyo kama watu. Zitumie bila kuona haya. Kosea mbele ya sanamu, maana sanamu haifi. Lakini kabla hujajiita muuguzi, tafuta mzee wa wadi akushike mkono, naye umwonyeshe kioo. Mgonjwa anawahitaji nyote wawili.