Makofi ya Kilo Yamepungua Uzito

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wasomaji wapendwa, methali hii hunijia kila kikundi cha waigizaji kinapozuru shule yetu kutuonyesha seti buku jukwaani.

Igizo likiisha tu, mfawidhi hunyakua maikrofoni: "Tusimameni tuwapigie makofi ya kilo!" Nasi huinuka sote, hata yule jamaa aliyekuwa akikoroma kwenye benchi la nyuma. Aliyesahau maneno yake hupata makofi sawa na aliyetutoa machozi. Sasa huyu wa pili atajuaje kwamba alitugusa?

Wapo wasemao kuwa kubaki kitini ni utovu wa adabu, maana wageni wametoka mbali. Haya, adabu ni njema. Lakini makofi ya kuketi yanatosha kuwa shukrani. Kusimama tuwawekee wale wanaotufanya tushindwe kuketi.

Mwaka wa 1977 huko Kamirithu, Limuru, wanakijiji walihudhuria mazoezi ya tamthilia ya *Ngaahika Ndeenda*, wakawasahihisha waigizaji waziwazi. Igizo likavuta umati, hata serikali ikalipiga marufuku mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Watazamaji wale waliwaheshimu waigizaji kwa kuwaambia ukweli.

Basi wenzangu, tukiamrishwa tena kusimama, kila mtu ajiulize: nimeguswa, ama nafuata mkumbo tu? Mimi nisipoguswa nitapiga makofi nikiwa nimeketi. Na siku nitakapoinuka, mwigizaji ajue ni yeye aliyeniinua.