Chumvi Nusu Kijiko

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Muhula huu Chama cha Afya cha shule yetu kiliombwa kuandika karatasi ya kubandikwa zahanati na penye visima, juu ya kumtunza mtoto anayehara. Mimi nilichaguliwa kuwa mwandishi.

Maneno yenyewe ni machache: lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Hata hivyo yalitukalisha jioni nne. Mtoto anayehara hufa kwa kuishiwa maji mwilini, na chumvi ikizidi humdhuru. Kwa hiyo hapa neno lisiloeleweka si kama kosa la imla.

Mwalimu wetu wa Baiolojia alituagiza tuwasomee watu kwanza. Mjomba, aliyeishia darasa la nne, alisoma kwa kidole mpaka “upungufu wa maji mwilini,” akauliza, “Maji ya kisima au ya mto?” Tukaandika: mdomo mkavu, macho yameingia ndani, hakojoi. Bibi hajui kusoma kabisa. Alitazama picha, akaona mshale kutoka kwenye kikombe kwenda kwa mtoto, akasema, “Mjukuu wangu, nani anamrushia mtoto mshale?” Tukamchora mama akimnywesha. Kisha akauliza kijiko kijae kilima au kipanguswe, jambo ambalo hakuna msomi aliyeliuliza. Kipanguswe.

Na lita je? Nyumba nyingi hazina kipimo. Tukachora chupa mbili ndogo za maji ya dukani, za nusu lita.

Mwenzangu mmoja alinung’unika kwamba lugha nyepesi namna hii yaiaibisha shule ya sekondari. Sikubaliani naye. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya hapa Tanzania, watu walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Basi nasi tuliandika sentensi ambazo mtu aweza kumsomea jirani bila kuvuta pumzi mara mbili.

Juu kabisa tumeandika kwamba pakiti ya zahanati ndiyo bora ikipatikana, na mtoto aendelee kunyonya.

Tulibishania “maji safi” mpaka mwisho. Bibi alishikilia kwamba ya kisima chake ni safi, maana yang’aa. Karatasi sasa yasema “yaliyochemshwa yakapoa,” na ya pale kisimani kwake nimeibandika mimi mwenyewe, naye akinitazama.